Mama alikuja kuiona bahari, wakamkalisha akitazama jiko

Sijawahi kuandika maoni ya mgahawa wowote. Mie nikila nikashiba, nalipa, naondoka. Ila hili limenikaa kooni kama mwiba wa changu, wiki kadhaa sasa, halimezeki wala halitemeki.

Mama yangu anaishi Kondoa. Kazaliwa huko, kazeekea huko, na katika miaka yake sabini na kitu hakuwahi kuiona bahari. Maji mengi kuliko yote aliyowahi kuyaona ni Mto Bubu ukishuka wakati wa mvua. Kila mwaka namwambia njoo, kila mwaka ana sababu: mbuzi, mtama, mjukuu anaumwa. Lakini tangu treni ya SGR ianze kufika Dodoma mwaka 2024 visingizio vimepungua, maana basi la Kondoa hadi Dodoma ni lami tupu, ukishuka unapanda treni na jioni uko Dar. Basi safari hii akaja, na doti mpya ya kanga na kikapu cha karanga.

Nikapanga mwenyewe kichwani: hiyo mara ya kwanza ya kuiona bahari isiwe ya kupitapita dirishani kwenye daladala. Iwe amekaa kitako, amehudumiwa, mbele yake maji mpaka macho yachoke. Nilikuwa nimeweka hela pembeni kwa ajili ya siku hiyo. Asubuhi nikampeleka Kijiji cha Makumbusho pale Barabara ya Bagamoyo, makusudi kabisa, kwa sababu huko bahari huioni. Alifurahi mno. Alipofika kwenye tembe la Wagogo aliupapasa ukuta kwa kiganja, akainua macho kwenye udongo wa paa, akamwambia yule kijana anayetembeza watu kwamba mvua mbili tu hapo patavuja. Kijana akaitikia, "Ni kweli bibi, tunalikarabati kila mara." Walielewana. Kama una mgeni wa bara, mlete pale, msiwe na haraka.

Kwenye saa kumi na moja jioni bajaji ikatushusha kwenye mgahawa wenyewe, upande wa Masaki. Jina silitaji, pale kuna vijana wanaolisha nyumba zao kwa kazi ile. Picha zake wengi mmeziona: meza zimepangwa ukingoni kabisa, chini mawe, chini ya mawe maji. Tulikuta meza nne za ukingoni. Moja ina watu. Tatu tupu, kila moja na kijibao.

"Karibuni. Shikamoo mama," mhudumu akasema. Mama akaitikia marahaba. Nikaonyesha kidole kule ukingoni.

"Zile zimebukiwa, dada."

"Zote tatu?"

"Zote."

Sawa. Nikajilaumu mwenyewe kwamba ningepiga simu. Akatupeleka ndani, meza ya kona karibu na mlango wa jikoni. Mama akakalia kiti kinachotazama jiko, na nyuma yake kulikuwa na nguzo, na baada ya nguzo friji la soda. Upande wangu nilikuwa naona kipande cha bahari kama upana wa mlango, nikamwambia tubadilishane. Akakataa, magoti yalikuwa yanamuuma, alishakaa. Akatega sikio. Mawimbi yalikuwa yanapiga kwenye mawe, maji yamejaa saa hizo.

"Ndiyo hiyo inayopiga kelele?"

Nikamwambia ndiyo mama, ndiyo hiyo. Akageuza shingo taratibu, akaiona nguzo, akarudi kutazama jiko.

Haikupita nusu saa wakaingia watu wanne, wawili wazungu na wawili wa kwetu, wamevaa bukta na ndala, miguu ina mchanga. Nilikuwa karibu na mlango, nikasikia kwa masikio yangu wakiuliza kama kuna nafasi. Wakauliza! Mtu aliyebuku hataulizia nafasi. Yule yule mhudumu akaenda ukingoni, akakitoa kijibao, akakitia mfukoni mwa aproni, akawavutia viti.

Nikamwita. Alikuja akiwa ameshajua. "Dada nisamehe, ndivyo bosi alivyosema. Zile ni za wageni."

"Huyu katoka Kondoa jana. Mgeni kuliko huyu ni nani?"

Akainamisha kichwa. Na kusema haki, hapo hasira yangu kwake iliisha, ikahamia kwa mwenyewe. Nikaomba meneja aitwe.

Hapa ndipo penye mwiba. Meneja alikuja, mtu mzima mwenye akili zake, amependeza, akasimama katikati yangu na mama. Hakumwamkia. Nilimsubiria, nikajua sasa hivi atasema shikamoo halafu tuongee. Hakusema. Akaniambia mimi, juu ya kichwa cha mama: "Nje kuna upepo, wazee huwa wanasumbuliwa na baridi. Ndani atakuwa huru zaidi." Baridi! Dar es Salaam, mimi mgongo umelowa jasho, feni inazungusha joto, anamsemea mzee wa watu baridi ambayo hakuulizwa kama anaisikia. Alikuwa anamzungumzia kama mzigo uliowekwa vibaya njiani. Mimi nimekulia kwenye nyumba ambayo hata ukiwa umekuja kumdai mtu pesa, unamwamkia kwanza, ndipo unadai.

Ningeinuka nikaondoka. Mama akanishika mkono. "Mwanangu, acha. Tule."

Tukala. Na sitasema uongo kwa sababu nimekasirika: samaki alikuwa mtamu. Changu wa kupaka, tui zito la nazi limeingia mpaka kwenye mfupa, ngozi imeshika moshi wa mkaa, ndimu kidogo tu. Mama alimla kwa mkono, taratibu, akatoa miiba akaipanga pembeni ya sahani kama anayehesabu. Yule mhudumu alileta birika na beseni bila kuombwa, maji ya uvuguvugu, akamnawisha kwa heshima zote. Kwa chakula peke yake ningewapa nyota tano. Kwa yule kijana, tano. Kuna dakika pale nilitaka kusamehe kabisa, niseme labda meneja alikuwa na siku mbaya, watu wana mambo yao.

Halafu tukamaliza, nikalipa, nikapewa risiti ya EFD, nikasema sasa tupite ukingoni walau mama aone kabla hatujaondoka. Ilikuwa imepita saa moja. Jua la Dar likizama halina mazungumzo. Tukasimama kando ya wale watu wanne, mama akachungulia. Palikuwa peusi. Taa za meli kwa mbali, basi.

"Ndiyo hivi?" akauliza. "Giza tu."

Nilishindwa kumjibu. Na kila nikiikumbuka sauti yake, ile nafuu ya samaki inayeyuka. Maana bahari si yao. Sheria ya usimamizi wa mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni, na mimi si mtu wa kutembea na futi, sikupima chochote pale. Ninachosema ni kwamba yale maji hayakununuliwa na mtu. Wanauza samaki, wanauza kiti, sawa, wapange bei wanayotaka. Lakini kuamua nani anafaa kuyatazama, hiyo ruhusa waliipata wapi?

Usiku nililala vibaya. Kukipambazuka nikamwambia mama vaa, tunatoka. Tukapanda mwendokasi Kimara mpaka Kivukoni, tukapita Azania Front, lile kanisa la Wajerumani lenye vigae vyekundu, tukaingia Feri, soko la samaki. Feri sitaipamba. Inanuka, chini kuna maji ya samaki, ukizubaa unapigwa kikumbo na mtu mwenye ndoo kichwani, na bei ya kwanza utakayotajiwa si bei. Kama una mzee, mshike mkono wakati wote. Lakini pale mnadani mama alisimama mbele ya taa aliyelazwa sakafuni, mpana kama ungo, akauliza huyu naye ni samaki? Watu watatu wakamjibu kwa pamoja. Mmoja akamwinua ili amwone mdomo. Kijana wa kupara samaki akamwamkia akiwa na magamba mpaka kwenye kope. Yule dada wa karai akampa kipande cha pweza aonje, bure, akamwambia, "Mama tafuna polepole, huyo hana mfupa ila mbishi." Tukampatia kigoda. Ametazama bandarini, maji yanang'aa, ngalawa zinaingia. Hakuna aliyemuuliza amebuku.

Kisha tukavuka kwa pantoni kwenda Kigamboni, tumesimama kwenye reli, upepo usoni, kanga inapepea. Huo upepo unaosemwa unaua wazee! Upande wa pili tukatafuta mahali pa mchanga. Akavua ndala, akaingia mpaka kwenye vifundo, akachota kwa kiganja, akaonja. Akatema. Akacheka mpaka akashika mbavu. "Kumbe chumvi kweli. Nilijua mnatudanganya." Akajaza chupa ya maji ya nusu lita ya kupeleka Kondoa, ya kumpaka mjukuu upele, na nyingine ya kuwaonyesha wenzake waonje.

Kwa hiyo nikiulizwa niende wapi, nasema Feri na pantoni, kwa macho makavu. Kuhusu ule mgahawa, nilipoanza kuandika nilitaka niseme msikanyage. Sasa naona siwezi kusema hivyo moja kwa moja, kwa ajili ya yule kijana. Mama mpaka leo akipiga simu anamuulizia, kama alikula siku ile, maana alimwona anazunguka tangu tunaingia hajakaa. Ukienda, piga simu kwanza, taja meza ya ukingoni, na wakikwambia zimebukiwa simama pale pale uulize zimebukiwa na nani. Nyota mbili. Hapana, moja. Ile moja ni ya birika na beseni.

Juzi nilipigiwa simu na mtu wao wa huduma, malalamiko yangu yalikuwa yamemfikia. Mpole sana, ameomba radhi mara tatu. Akasema wametuandalia meza ya ukingoni, watu wawili, chakula bure, siku yoyote tutakayochagua.

Nikamwambia mama amesharudi Kondoa.