Dar es Salaam hadi Mwanza kwa Ndege: Kilomita 850 Huchukua Muda Gani Hasa?

Ndugu watazamaji, karibuni. Bidhaa ninayoichambua leo ni tiketi ya ndege ya kutoka Dar es Salaam kwenda Mwanza, nami nitaipima kwa kile ambacho abiria wengi huilipia, yaani muda.

Kutoka Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Julius Nyerere hadi Uwanja wa Mwanza ni takribani kilomita 850 kwa mstari ulionyooka. Kwa barabara, kupitia Dodoma, Singida na Shinyanga, safari huzidi kilomita 1,100, na basi huhitaji zaidi ya saa 15.

Angani, muda hutegemea kwanza aina ya ndege. Jeti kama Airbus A220, ambayo ikishatulia juu hupita kilomita 800 kwa saa, hutumia takribani saa moja na robo hewani, kwa kuwa kupaa na kushuka hufanyika kwa mwendo mdogo zaidi. Ndege ya pangaboi kama ATR 72, yenye mwendo wa kilomita 500 hivi kwa saa, hukaribia saa mbili. Hata hivyo, pangaboi ina sifa zake: viti ni viwili viwili kila upande, kwa hiyo hakuna anayebanwa katikati, bawa liko juu ya madirisha, hivyo halikuzibii mandhari ya chini, na kwa kuwa abiria hutumia mlango wa nyuma, aliyekaa viti vya mwisho hushuka kwanza.

Jambo ninalowasihi mlichunguze kabla ya kulipa ni kama ndege inakwenda moja kwa moja au inatua kwanza Uwanja wa Kilimanjaro (KIA). Kupitia KIA huongeza umbali kwa kilomita 70 tu hivi, kiasi ambacho jeti hukimaliza kwa dakika chache, lakini kushuka, kushusha abiria, kupakia wengine na kupaa upya kunaweza kula karibu saa nzima. Bei ikiwa ileile, sioni sababu ya kuichagua njia hiyo.

Sasa jumlisheni safari nzima, kuanzia mlangoni kwako. Kutoka katikati ya jiji hadi uwanjani ni kilomita 12 hivi kwa Barabara ya Nyerere, lakini jioni ya foleni umbali huo unaweza kukuchukua saa nzima. Ongeza saa moja na nusu ya kukaguliwa na kusubiri, muda wa hewani, kungoja mizigo, na kilomita kama 10 kutoka uwanja ulioko Ilemela hadi mjini Mwanza. Jumla hufika takribani saa tano. Ndiyo maana siwashauri kulipa nyongeza kubwa kwa ajili ya jeti, kwa sababu dakika 40 hivi zinazookolewa angani hupotea kwa urahisi barabarani.

Nyongeza ninayoiona ina thamani ni ile ya ndege ya kwanza ya asubuhi. Wakati huo barabara ni nyepesi, na ndege haijabeba ucheleweshaji wa safari zilizotangulia, maana ndege moja huzunguka vituo kadhaa kwa siku. Anayeendelea Geita hufaidika zaidi, kwa kuwa daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa mwaka 2025 limemwondolea kungoja kivuko, na anaweza kufika kabla ofisi hazijafungwa.