SQLite au DuckDB: injini ipi ya kuhifadhi na kukokotoa?

Zote mbili ni injini za hifadhidata: huhifadhi na kukokotoa data ndani ya programu yako, kwenye faili moja. Hakuna seva ya kulea. Kinachozitenganisha ni mpangilio. SQLite ya mwaka 2000, ambayo tayari imo kwenye simu yako ya Android, hupanga data mstari kwa mstari: ukiitisha risiti namba 417, inakuletea nzima papo hapo. DuckDB, iliyotoka CWI, taasisi ya utafiti wa hisabati na kompyuta ya Amsterdam, mwaka 2019, hupanga kwa safuwima. Ukitaka jumla ya bei, inasoma bei tu, thamani 2,048 kwa mkupuo. Majina ya wateja haiyagusi. Duka linaloandika mauzo kila dakika? SQLite, bila kusita. Ripoti ya mwaka mzima naipeleka DuckDB.