Kivuli cha bomba kwenye boti ya futi 18, nimekitengeneza mara mbili

Naandika hii kwa wenye boti ndogo za faiba, zile za futi 16 mpaka 20 ambazo mashine unaishika kwa mkono nyuma, mnaotaka kuweka kivuli cha fremu ya chuma bila kuagiza vile vya kununua. Mimi niko Pangani, boti yangu ni futi 18, upana kama mita 1.7, mashine Yamaha ya nguvu farasi 25, na kivuli ninachotumia sa hivi ni cha pili. Cha kwanza kiliishi wiki tano. Hiki cha pili kimemaliza msimu mzima wa upepo wa kusi na mzima wa kaskazi na bado kipo juu ya boti.

Sababu ya kuanza kazi hii ni mdogo wangu wa kike. Ana ualbino, anakaa Muheza, na tangu tuko wadogo hajawahi kufika Maziwe. Kwa wasiopajua, Maziwe ni fungu la mchanga baharini upande wa Ushongo, ni hifadhi ya bahari tangu 1975, zamani kilikuwa kisiwa kabisa chenye mivinje na kasa wanapanda kutaga, marehemu baba alikuwa anatusimulia wavuvi walivyokuwa wanapumzika chini ya miti ile, lakini miti ilikufa na mchanga ukaliwa na bahari na sasa hivi maji yakijaa sana hata huo mchanga hauuoni. Yani ukifika pale saa sita mchana hakuna hata kijiti cha kukukinga, kivuli pekee ni kile ulichokuja nacho. Mdogo wangu alikuwa akiwaona wageni wanakwenda anauliza, kaka mimi lini, nami namwambia subiri nitafute namna. Bas nikatafuta namna.

Kivuli cha kwanza nilikwenda kwa fundi wa magrili ya madirisha. Skwea paipu nyeusi ya robo tatu ya inchi, miguu minne imesimama wima, juu mstatili, kona zote zimechomelewa, tukapiga praima na rangi nyeupe, juu tukatandika turubai la PVC la lori lililovutwa kwa kamba. Miguu tuliifunga kwenye ukingo wa boti kwa skrubu. Kilipendeza sana, nilikipiga picha nikamtumia mdogo wangu siku hiyo hiyo. Mjomba wangu ndo nahodha, alikiangalia akazunguka boti yote akasema, "Mjomba, hilo sio paa, hilo ni tanga, na tanga lenyewe halina henza." Henza ni ile kamba ya kupandishia na kushushia tanga. Nilimsikia ila sikumuelewa.

Nilikuja kumuelewa kwenye mlango wa mto. Tulikuwa tunarudi kutoka kuvua, alasiri, maji yanatoka mtoni na kusi inayaingilia kutoka nje, wanaopita hapo wanajua yale mawimbi mafupi yanayosimama. Omo, yani mbele ya boti, ilipopanda juu upepo ukaingia chini ya turubai, nikasikia tu mlio, mguu wa nyuma wa kushoto umekatika palepale pa kuchomelewa, ya mbele ikang'oka na skrubu zake na vipande vya faiba, fremu yote ikalalia upande na boti ikaifuata. Mjomba alishika kisu akakata kamba, turubai likaenda na maji, boti ikanyooka. Hakuna aliyeumia, tulikuwa watatu wote na maboya yetu. Ila usiku ule sikulala, nilikuwa nawaza kama mdogo wangu angekuwa amekaa pale katikati.

Sasa nieleze ambacho sikukijua, maana nimeona boti nyingine mbili zinajengewa vile vile. Watu tunawaza jua na mvua, wakati anayevunja kivuli cha boti ni upepo. Upepo ukiongezeka mara mbili, nguvu yake haiongezeki mara mbili, inaongezeka mara nne. Na upepo unaoupata wewe sio ule unaovuma tu, boti ikikimbia kilomita 25 kwa saa kwenda kwenye upepo wa kilomita 25, turubai linapokea 50. Miguu minne iliyosimama wima bila kitu cha kuvuta mshazari inabebwa na vile vidonge vya kuchomelea peke yake, na kila wimbi inapinda kidogo inarudi, inapinda inarudi, mpaka siku inakatika. Halafu paa la bapa linakusanya mvua. Langu lilikuwa mita za mraba tatu na nusu, maji yakituama sentimita moja tu ni lita 35, yani kilo 35 zinacheza juu ya vichwa vya watu kwenye boti nyembamba.

Kwahiyo cha pili nilianza upya kabisa.

Bomba nilifuata Tanga mjini, stenlesi ya duara ya inchi moja, unene milimita moja na nusu, zile wanazotengenezea reli za ngazi. Zinauzwa urefu wa mita 6 na moja ina kama kilo 5, nilinunua tatu. Kuna jamaa aliniambia nitumie bomba la maji la galvanaizi, lile la chuma lililopakwa zinki, maana ni bei rahisi, lakini ukipiga hesabu lile la robo tatu mita 6 linakaribia kilo 10, uzito wote huo uko juu na boti ndogo inaanza kuyumba kwa uvivu, inalala upande inachelewa kurudi. Pia galvanaizi ukiichomelea inatoa moshi mweupe wa zinki, ule moshi unamlaza fundi na homa, na pale palipochomelewa ile zinki imeungua kwahiyo kutu inaanzia hapo hapo. Alumini ni nyepesi kuliko zote, kama theluthi moja ya uzito wa stenlesi, ila mashine ya kawaida ya mtaani haiichomelei vizuri.

Angalizo kwenye stenlesi. Watu wanakwenda dukani na sumaku, ikikataa kushika wanasema hii safi. Ile ya daraja la 304 haishiki sumaku, lakini ile ya bei ya chini ya 201 nayo kwa kawaida haishiki, na hiyo 201 kwenye maji ya chumvi inaota kutu mapema. Muulize muuzaji aandike kwenye risiti. Mimi nilipata 304 na hata hiyo sio kamili, inatoa madoa ya rangi ya chai usipoiosha kwa maji yasiyo na chumvi kila ukirudi. Ya 316 ndo yenyewe kwa bahari, kama mfuko unaruhusu chukua hiyo.

Umbo nililobadilisha ndo lenye faida kubwa. Badala ya miguu wima nimeweka matao matatu. Tao kubwa limefungwa kwenye ukingo kila upande kwa bolti moja nene ya milimita 8, kwahiyo linaweza kulala mbele au nyuma, na matao mengine mawili yameshikizwa juu ya hilo kubwa kwa bawaba. Kinachosimamisha kitu chote ni mikanda minne ya polista, miwili inavuta mbele na miwili inavuta nyuma kwa mshazari, ile yenye kishikio cha kukaza. Ukifungua ya nyuma, matao yote yanalala kwa pamoja kuelekea omo kama unafunga kitabu, unazungushia kamba, umemaliza. Mimi na mjomba tunakilaza chini ya dakika moja. Sasa hivi hatupiti mlango wa mto kikiwa kimesimama, iwe bahari imelala iwe imechafuka, kinalazwa kwanza. Mjomba anasema sasa tanga limepata henza.

Kukunja bomba usikubali likunjwe kwa goti. Bomba jembamba linabonyea ndani na likishabonyea halina nguvu tena. Tulilijaza mchanga mkavu kabisa, tukaziba ncha zote mbili kwa vipande vya mti, tukakunja polepole kwenye umbo la mbao tulilolipigilia chini. Mchanga lazima uwe mkavu, hasa kama kuna mtu anataka kupasha moto, maji yakiwemo ndani yanageuka mvuke na kile kizibo kinatoka kama risasi. Matao yangu yana mgongo kidogo katikati, mvua inateremka yenyewe.

Kwenye faiba, hapa naomba sana, skrubu hapana. Piga tundu mpaka upande wa pili, weka bolti ya stenlesi, chini yake weka sahani au kipande cha mbao ngumu kinachogawa mzigo, kile kisahani cha washa kiwe kipana, na nati ya loki isiyolegea. Kabla hujaingiza bolti paka silanti ya boti, ile gundi ya kuzibia maji, kwenye tundu lote, kwasababu boti nyingi ukingo wake una ubao uliofunikwa na faiba, maji yakipenya huo ubao unaoza kimyakimya na wewe unaendelea kuamini bolti zako.

Kitu kingine ambacho hakuna aliyeniambia ni nafasi ya kamba ya kuwashia mashine. Siku ya kwanza kujaribu fremu ya pili mjomba alivuta kamba na kiwiko kikagonga tao la nyuma, alipata maumivu ya siku nyingi na nilijisikia vibaya sana. Ikabidi nisogeze kitu chote mbele sentimita 40. Kabla hujatoboa tundu lolote mwambie nahodha asimame pale tezi, yani nyuma ya boti, avute kamba, ainue mashine, atupe nanga, ageuke nyuma, na wewe pima. Na ukingo wa mbele wa kivuli usiwe usawa wa macho yake akiwa amesimama wala akiwa amekaa, aone juu yake au chini yake. Changu ni kifupi, mtu akikaa kwenye benchi kichwa kinabakiza kiganja kimoja hivi, wageni warefu wanalalamika kidogo lakini kikiwa kifupi upepo nao unakosa pa kushika.

Kitambaa nilirudi kwenye PVC ile ile ila nyepesi, upande wa juu kijivu na upande wa chini bluu iliyokolea. Nilitaka nyeupe pande zote, yule fundi anayeshona viti vya magari akaniambia chini ikiwa nyeupe mwanga unaopiga majini unarudi juu unakukuta kwenye macho. Ni kweli kabisa, tulishika vipande viwili tukavilinganisha pale ufukweni, chini ya bluu macho yanatulia. Uzi sema polista, usikubali wa pamba, na nailoni jua linaumaliza haraka zaidi. Kitambaa hakijafungwa kwa kamba, kimeshonewa mifuko ambayo matao yanapita ndani yake, kwahiyo hakipigipigi.

Gharama yote pamoja na nauli za Tanga na ufundi ilifika 480,000, na kile cha kwanza kilikuwa kimekula 160,000 kikaenda na maji.

Mwezi wa kumi nikampeleka mdogo wangu. Mwanzoni mwa Oktoba huku kwetu jua la mchana linapita utosini kabisa, nilimwambia tusubiri akakataa. Alivaa mikono mirefu, kofia pana, miwani, amejipaka Kilisun ile mafuta ya jua inayotengenezwa Moshi kwa ajili ya watu wenye ualbino. Na hapo ndo nikaona upungufu wa kivuli changu. Asubuhi tunatoka tunaelekea kusini mashariki, jua bado liko chini, linaingia kwa ubavuni chini ya paa kama mlango uko wazi, na majini napo linarudi kutoka chini. Alisogea akajikunja upande mmoja tukamkinga kwa kanga mbili mpaka tukafika. Jua lilipopanda kivuli kikawa sawa, tukatia nanga kwenye maji ya magoti, wengine wanapiga mbizi yeye amekaa ndani ya boti miguu ameining'iniza majini ananiuliza mivinje ya baba ilikuwa upande gani. Nilimuonyesha kwa kukisia. Alikaa mpaka maji yakaanza kufunika mchanga.

Tuliporudi nikanunua neti ya kitalu ya kijani, ile ya kufunika mboga, nikashona pazia mbili za kuning'iniza kwa ndoano upande wowote jua liliko. Upepo unapita kwenye matundu kwahiyo haivuti boti kama turubai, na abiria anaona nje. Haizuii jua lote, kwa mtu mwenye ngozi kama ya mdogo wangu ni nyongeza tu juu ya nguo na mafuta, lakini safari yake ya pili mwezi Desemba hatukuhitaji kanga.

Mabaya yaliyobaki niyaseme pia. Ukivua kwa mshipi tao la mbele linasumbua wakati wa kutupa. Boti inasukumwa na upepo zaidi ikiwa kwenye nanga, kwahiyo nimeongeza kamba ya nanga. Mikanda inalegea ikilowa, unaikaza tena baada ya nusu saa ya kwanza. Na mishono ya mfuko wa mbele imeanza kuachia pale inaposuguana na bomba, juzi nimeivua nimeipeleka kwa fundi aiongezee kipande cha ngozi ndani, anasema Alhamisi itakuwa tayari.