Jiwe la Simba: karakana ya mawe ya makaburi, njia ya Uyole, Mbeya

Ukiomba jiwe la kaburi la mbwa, wengi watakucheka. Hawa hawakucheka. Fundi aliniamkia, akavuta daftari, akauliza, "Mama, marehemu anaitwa nani?" Nikamwambia Simba. Akaandika.

Nilichagua marumaru ya Songwe, ile ya rangi ya maziwa inayotokana na chokaa ya chemchemi za maji moto. Jiwe zuri sana, ila lina vitundu vya asili, na hapo ndipo huyu kijana alipoonyesha ufundi. Maneno tuliyompelekea yaliishia na nukta. Akashauri tuiondoe, kwani kwenye jiwe hili nukta huonekana tundu, na tundu huonekana nukta. Mstari ukiisha, umeisha. Mkato aliuweka, akauchimba kwa mkia mrefu usije ukapotea.

Na mkato ulihitajika. Wanangu walituma kwenye simu: "Hapa amelala mpendwa wetu Simba aliyelinda watoto ng'ombe na nyumba." Fundi akasoma kwa sauti, akasita kwenye "watoto ng'ombe". Akaandika kwa chaki juu ya jiwe lenyewe, akafuta, akaandika tena, mpaka tukafika hapa:

SIMBA, MBWA WETU
2012–2024
Alilinda watoto, ng'ombe na nyumba

"Mpendwa" nililiondoa mwenyewe. Liko kwenye kila kaburi, na mimi nilitaka isomwe kazi aliyoifanya: usiku kucha mlangoni pa banda, mvua za Tukuyu zikimpiga. Wanaouliza jiwe la mbwa la nini, hawakumjua.

Kile kialama cha ng'ombe wachongaji wengi hukiruka, ikabaki "ngombe". Huyu alikichonga bila kukumbushwa, kimeinama vizuri juu, baada ya g. Wanatoza kwa herufi, alama hazilipiwi. Usikubali fundi yeyote akuondolee mkato kwa kisingizio cha gharama.

Lawama ninazo mbili. Jiwe lilichelewa, na kila nikipiga simu naambiwa "kesho mama". Halafu rangi nyeusi ya ndani ya herufi imeanza kubanduka masika haya haya, ingawa michongo yenyewe ni ya kina na inasomeka hata bila rangi.

Mkienda, ombeni waandike kwanza kwa chaki, mrudi nyuma hatua chache, msome. Na upande wa maandishi chagueni usio na vitundu vingi.