Hostingi yenye kashe ya imeli: nyota 3 kwa 5

Niko na kabiro kadogo hapa Lubumbashi, upande wa Kampemba, tunatafuta vipuri vya mashini na kupelekea makampuni ya Likasi na Kolwezi. Kazi yetu yote ni proforma na faktire na zote zinapita kwa imeli. Mwaka jana mama kontable wa mteja mmoja wa Kolwezi ananipigia simu: "Papa, mumebadilisha banki?" Nikamuuliza banki gani tena. Akanirudishia ile faktire, nikaona logo yetu, jina letu, hata anwani ya imeli ni yetu kabisa, ila namba ya konti si yetu. Mungu ni mkubwa, alipiga simu mbele ya kulipa.

Njo nikaanza kutafuta hostingi (kampuni ya kukodisha seva) yenye kusaini imeli. Nilichukua pakeji kwa kampuni moja (jina naacha, sitaki maneno), dola 48 kwa mwaka, na kwa tangazo lao waliandika kwamba DKIM imo ndani. Nimeitumia miezi minane sasa.

Kwa wasiojua: hapa kwetu karatasi bila kashe, ule muhuri, ni karatasi ya kufungia maandazi, ukienda nayo komini wanakurudisha. Sasa imeli tangu kuzaliwa haina kashe, mtu yeyote anaandika jina analotaka mahali pa mtumaji na inapita. DKIM njo kashe yenyewe. Yahoo na Cisco kila mmoja alikuwa na ya kwake, wakaziunganisha, na 2007 ikatoka kama kanuni ya intaneti. Seva yangu inapiga hesabu juu ya maneno ya imeli, inasaini na ufunguo wa siri ambao hautoki kwa seva, halafu ufunguo wa wazi unawekwa kwa DNS ya domeni (daftari la wazi la intaneti lenye habari za jina letu la nyuma ya @). Ni kama ile spesimeni ya sinyatire unaachia banki siku ya kufungua konti: Gmail ikipokea imeli inaenda kwa DNS, inachukua spesimeni, inalinganisha. Mtu akigusa tarakimu moja ya namba ya konti njiani, hesabu inakataa.

Basi kwa paneli yao nilibonyeza, ikaja alama ya kijani, nikalala usingizi. Wiki tatu proforma zinaanguka kwa spamu! Nilifungua moja kwa Gmail, vidoti vitatu halafu "Afficher l'original": SPF (orodha ya seva zenye ruhusa ya kutuma kwa jina letu) imepita, DKIM haikupita, ufunguo haukuonekana. Nikafungua tiketi. Siku nne kimya, halafu jibu: futa kashe ya navigateur (kumbukumbu yake ya muda). Kashe ingine tena, jameni.

Mdogo wangu anayesoma informatique aliangalia dakika kumi akacheka. Domeni nilikuwa nimeinunua zamani kwa kampuni ingine na DNS ilibaki kule, na hawa wa hostingi waliandika ufunguo kwa DNS yao wenyewe ambayo hakuna mtu duniani anaiuliza, halafu wakajipigia kijani. Spesimeni imeachwa kwa banki isiyo yangu. Tukajaribu kuikopia kule kwa zamani: kwanza niliandika jina lote la rekodi, default._domainkey na domeni nyuma, kumbe paneli inaongeza domeni yenyewe, ikatokea mara mbili. Halafu ufunguo wa biti 2048 ni mrefu, kipande kimoja cha rekodi ya TXT (mstari wa maandishi ndani ya DNS) hakipiti herufi 255, lazima kuukata vipande ndani ya alama za kunukuu, na paneli ya zamani ikagoma. Sapoti wakasema shuka kwa 1024. Nikakataa, nilipe dola 48 nipewe kufuli ndogo? Mwishowe tulihamisha DNS yote kwao, kesho yake PASS, na tangu siku ile haijaanguka hata mara moja, hapo nawapa haki yao.

Kitu kingine hawakuniambia: DKIM peke yake haimzuii mwizi asiyesaini kabisa. Kuko rekodi ya tatu, DMARC, inayoambia wapokeaji imeli isiyo na kashe yetu wala SPF yetu waifanye nini. Mi nilianza na p=none (wasizuie kitu) mwezi mzima, nasoma tu ripoti, na vizuri nilifanya vile, juu programu yetu ya faktire ilikuwa inatuma kupitia seva ingine bila kusaini. Ningeruka moja kwa moja kwa reject (wazikatae) ningejifungia mlango mwenyewe. Na msiseme hii ni ya wakubwa: tangu Februari 2024 Google na Yahoo wanadai zote tatu kwa wenye kutuma nyingi (Google inahesabu kuanzia kama 5000 kwa siku), lakini hata sisi wa imeli ishirini tunadaiwa angalau SPF ao DKIM.

Kwa hiyo huduma yenyewe nyota 4, sapoti 2, mkigawanya ni 3. Nitalipa mwaka wa pili. Mama wa Kolwezi bado ananipigia simu mbele ya kila malipo na nimemwambia asiache, sababu mwizi anaweza kununua domeni inayofanana na yetu, herufi moja tu tofauti, akaisaini vizuri na ikapita PASS kama yangu.