Begi la kuburuta kwa safari ya siku nne: anza na matairi

Karaköy, Istanbul, saa kumi na mbili jioni, mwezi wa Oktoba. Nimeshuka kwenye tramu ya T1, na chumba nilichopanga kiko juu kule karibu na mnara wa Galata. Mbele yangu ni mtaa wa Yüksek Kaldırım, mlima mtupu, mawe kwa mawe. Mkononi nina begi jipya la matairi manne, halina hata wiki mbili tangu nilitoe dukani. Sijafika katikati, tairi la mbele likaanza kupiga kelele, likagoma, likabaki limetazama ubavuni. Nikaligeuza kwa mkono, likarudi vilevile. Hatua chache mbele likang'oka na shina lake. Nililiokota nikaliangalia vizuri: plastiki tupu, mpira hakuna, na tundu la katikati limelika mpaka limekuwa na umbo la yai.

Nikalitia begi begani. Nilipofika juu jua lilishazama nyuma ya msikiti wa Süleymaniye, na jioni ile niliiwekea akiba miezi minane. Safari ya siku nne ina machweo matatu, labda manne. Ukipoteza moja, hakuna wa kukurudishia. Kesho yake muuza chai akanionyesha kwamba palepale niliposhukia kuna Tünel, treni ya chini ya ardhi ya tangu mwaka 1875, inayokupandisha mlima ule kwa dakika moja na nusu. Basi nawe ukifika Karaköy, itafute.

Tangu nirudi, wasomaji watatu wameniandikia kisa kinachofanana na changu, mmoja tairi lilimfia Lisbon, kwenye vile vijiwe vidogo vyeupe vya njiani. Ndiyo maana leo sizungumzii rangi, mifuko ya ndani wala namba za kufuli. Hayo kila mtu anayaona dukani. Nazungumzia matairi, kwa sababu hakuna anayeinama kuyaangalia.

Ukienda kukaa mwezi kwa ndugu, begi linatoka kwenye gari linaingia chumbani, basi. Safari fupi ya mjini ni miguu. Unashuka kwenye treni, unatafuta mtaa, unahama chumba, siku ya mwisho unalivuta begi mchana kutwa ukisubiri ndege ya usiku. Na raha yenyewe iko humohumo njiani. Asubuhi nilipanda kivuko cha kwenda Kadıköy, ng'ambo ya pili ya Istanbul, chai kwenye kigilasi chembamba kiunoni, mkate wa simit wenye ufuta bado wa moto, na shakwe wanaifuata meli wakidaka vipande hewani. Raha hiyo inataka mikono na akili viwe huru.

Sasa tuje kwenye matairi manne. Kwenye sakafu laini ya uwanja wa ndege yanateleza vizuri, unalisukuma begi kwa kidole. Lakini matairi hayo ni madogo, yamening'inia nje kwenye shina, na kila moja linajizungusha lenyewe. Likikuta ufa kati ya jiwe na jiwe linageuka upande, na uzito wote unaangukia shina. Begi la matairi mawili, matairi yake yanabingirika mbele na nyuma tu, hayageuki upande. Yamekaa ndani ya mwili wa begi, kwenye ekseli, kama ya viatu vya kuteleza. Kwenye mawe yanapita tu.

Kwa hiyo mpangilio wangu ni huu, na sifichi ninayempenda.

Namba moja ni Travelpro ya matairi mawili, wao wanaiita Rollaboard. Historia yake ndiyo inayonifanya niwaamini. Masanduku yenye matairi yalikuwepo kabla, Bernard Sadow alipata hataza yake, yaani haki ya uvumbuzi, Marekani mwaka 1972, lakini yalivutwa kwa kamba yakiyumba. Mwaka 1987 Robert Plath, rubani wa Northwest Airlines na mwanzilishi wa Travelpro, akalisimamisha begi wima juu ya matairi mawili na kulipa mkono mrefu wa kuvuta. Wanunuzi wa kwanza walikuwa marubani na wahudumu wa ndege, watu ambao kazi yao ni kuvuta begi. Langu ni la kitambaa, toleo la Maxlite, halifiki kilo tatu. Hilo ni jambo kubwa, maana Turkish Airlines wanakuruhusu kilo 8 za mkononi na Emirates kilo 7. Begi la kilo nne tupu limeshakula nusu ya haki yako. Angalizo: lile la inchi 22 linazidi kidogo sentimita 55 ambazo mashirika mengi yanazitaka, kwa hiyo ulizia la vipimo vya kimataifa. Hapa Dar sijaliona dukani. Langu lilibebwa na shemeji yangu aliyeko Houston.

Namba mbili, kama lazima uwe na matairi manne, chukua Samsonite zenye matairi pacha kila kona, yaani manane kwa jumla. Uzito unagawanyika, na ufa unaomeza tairi moja haumezi mawili kirahisi. Bado kwenye mlima wa mawe utalinamisha na kulivuta kwa mawili.

Namba tatu, American Tourister, ambayo ni mali ya Samsonite hao hao. Bei inavumilika. Chagua ya kitambaa.

Ya bei ya chini kabisa, yale ya seti ya matatu yanayoingiana, yanafaa kuhifadhia mashuka.

Na hapa niseme lililonikaa moyoni kuhusu wauzaji. Begi lile lililonivunjikia nililinunua Kariakoo. Muuzaji alianzia 180,000, tukaishia 95,000, na muda wote akiapa kuwa ni orijino, nembo ya kampuni kubwa ikimeremeta kifuani mwa begi. Nilipomwomba niweke kitu ndani nilivute nje kidogo akakataa, eti litachafuka matairi. Begi la kuvutwa chini lisichafuke matairi! Niliporudi na tairi mkononi akanionyesha maandishi ukutani: mali ikishauzwa hairudishwi. Risiti hakunipa, na mimi sikuidai, kosa ambalo naomba wewe usilirudie. Inaniuma kwa sababu mtu anadunduliza hela za safari mwaka mzima, halafu anauziwa kitu ambacho muuzaji mwenyewe anajua hakitamaliza safari moja.

Kwa hiyo ukienda dukani, lipindue begi kabla hujauliza bei. Bonyeza tairi kwa kucha. Mpira unabonyea kidogo, plastiki hailegei. Lizungushe kwa kidole usikilize, linatakiwa lizunguke muda mrefu kimya kimya, lisikwaruze. Tazama limefungwa kwa skrubu au kwa ribiti. La skrubu fundi wako wa viatu atalibadilisha, la ribiti ukilibomoa umelimaliza begi. Kisha jaza chochote kizito ndani, hata chupa za maji, ulivute nje barabarani, siyo kwenye vigae vya duka. Akikukatalia, ondoka.

Mwezi wa Aprili nilirudi Istanbul, wakati wa maua ya tulipu. Tünel niliiacha makusudi. Nikashuka Karaköy na Travelpro yangu, nikaupanda Yüksek Kaldırım wote mpaka juu, mkono mmoja nyuma unavuta, mwingine umeshika simit. Matairi yalikuwa yanagonga mawe tak-tak-tak, mlio wa kawaida, bila kugoma. Jua lilikuwa bado liko juu ya Süleymaniye nilipoagiza chai.