Tathmini ya huduma: FKF mikononi mwa Nick Mwendwa, 2016 hadi 2024

Shabiki akishalipa kiingilio langoni amenunua huduma, na ana haki ya kuipima kama anavyopima ya hoteli au ya benki. Ninayoipima hapa ni ile tuliyopewa sisi wa Nairobi na Shirikisho la Soka la Kenya, FKF, tangu Februari 2016, Nick Mwendwa alipochaguliwa rais kumrithi Sam Nyamweya, hadi uchaguzi wa Desemba 2024.

Mwendwa hakuingia akiwa mgeni wa soka, kwa kuwa alikuwa mwanzilishi wa Kariobangi Sharks, na uongozi wake ulituletea furaha ambayo sitaikana. Mwaka 2019 timu ya taifa, Harambee Stars, ilirejea Kombe la Mataifa ya Afrika, mara ya kwanza tangu 2004, ikaifunga Tanzania 3-2 jijini Cairo, Michael Olunga akipachika mawili. Usiku ule mtaa wa Umoja, Nairobi, haukulala.

Kinachoniuma zaidi ni gari la kurushia matangazo. FIFA ilitoa fedha, zaidi ya shilingi milioni 120, ili shirikisho liwe na gari lake la kuonyesha mechi moja kwa moja. Fedha zililipwa, gari halikufika, na maelezo yaliyotolewa yakawa kwamba kampuni ya kigeni iliyolipwa ilifilisika. Kipindi hicho niliwahi kukaa kwenye mabati ya uwanja wa Camp Toyoyo, mtaani Jericho, Nairobi, nikamtazama kocha msaidizi wa timu moja akirekodi mchezo mzima kwa simu, mkono wa kulia ukichoka anahamishia kushoto, kwa sababu winga wake alikuwa ameombwa video na wakala na hapakuwa na kamera nyingine uwanjani. Mchezaji asiyeonekana hauziki, na ligi isiyoonekana haipati mdhamini. Ndiyo maana sikubali gari hilo lihesabiwe kuwa jambo dogo la vitabu vya fedha.

Novemba 2021 Waziri wa Michezo, Amina Mohamed, alilivunja shirikisho akisema limeshindwa kutoa hesabu ya fedha za serikali na za wadhamini, akateua kamati ya muda chini ya jaji mstaafu Aaron Ringera. Mwendwa alikamatwa, baadaye akashtakiwa kwa madai ya ubadhirifu wa mamilioni. Aliyakana, na kesi haikuishia kwa hukumu ya hatia, jambo ambalo kila anayemjadili anapaswa kulitaja. Hata hivyo, gharama ilimwangukia shabiki. FIFA haivumilii serikali kuingilia vyama vya soka, hivyo ilitufungia Februari 2022, Stars wakaondolewa katika mchujo wa kufuzu kwa Kombe la Afrika, na kifungo kikadumu hadi Novemba mwaka huo. Wachezaji waliokuwa katika ubora wao walipoteza miezi ambayo hakuna atakayewarudishia.

Mwaka 2024 Mwendwa aligombea kama mgombea mwenza wa Doris Petra, aliyekuwa naibu wake, wakashindwa na Hussein Mohammed aliyeandamana na McDonald Mariga, kiungo wa zamani wa Stars.

Natoa nyota mbili kati ya tano, zote kwa ajili ya usiku wa Cairo. Ya tatu nitaiongeza siku hati za malipo ya lile gari zitakapowekwa hadharani, ukurasa kwa ukurasa, mtu wa Jericho aweze kuzisoma.